Mishipa Hutangulia

Tezi dume haistawi bila testosteroni. Mnyama akihasiwa, tezi hiyo husinyaa. Akidungwa homoni, hukua tena. Mwaka 1941 Charles Huggins na Clarence Hodges, wa Chuo Kikuu cha Chicago, waliutumia ukweli huo kuwatibu wanaume ambao saratani ya tezi dume ilikwisha kusambaa mwilini. Waliwaondolea korodani au kuwapa estrojeni, na wengi wakapata nafuu. Huggins alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Tangu hapo maelezo yaliyozoeleka yakawa kwamba seli za tezi huitegemea homoni moja kwa moja, na zikiikosa hufa. Ni kweli, lakini maelezo hayo yaliisahau damu.

Waliochunguza panya dume waliohasiwa walikuta jambo ambalo mimi naliona kuwa kiini cha habari yote hii. Ndani ya siku moja tu, damu inayoingia kwenye tezi dume hupungua sana. Siku hiyohiyo, seli bapa zinazofunika ukuta wa ndani wa mishipa midogo huanza kujiua. Seli za tezi yenyewe, zile zinazotengeneza majimaji ya manii, hufa kwa wingi zaidi siku ya tatu hivi. Kwa hiyo mishipa hutangulia kuanguka, na tezi hufuata. Haifi kwa kukosa amri ya homoni peke yake. Inakosa pia hewa na chakula.

Je, homoni ikirudi? Mwaka 1998 Anders Bergh na wenzake wa Umeå, kaskazini mwa Sweden, walionyesha kwamba panya waliohasiwa wakipewa testosteroni, seli za mishipa ndizo zinazoanza kugawanyika, na mishipa hurudi kabla tezi haijapata uzito wake. Kujenga na kubomoa hufuata mpangilio uleule.

Mjumbe mkuu kati ya homoni na mishipa ni proteini iitwayo VEGF, ambayo jeni yake ilitambuliwa mwaka 1989 na kundi la Napoleone Ferrara huko California. Testosteroni huziamuru seli za tezi ziitoe. Nayo husafiri hadi kwenye mishipa ya jirani na kuzichochea seli zake kuishi, kugawanyika na kuchipua matawi. Homoni ikipungua, proteini hii nayo hupungua, na mishipa iliyokuwa ikiitegemea hulegea.

Korodani nazo zina mpango wa aina hiyo. Panya akidungwa hCG, homoni ya ujauzito inayofanya kazi kama LH, homoni ya tezi ya pituitari inayoziamsha korodani, seli za Leydig, zile zinazotengeneza testosteroni, huongeza VEGF na mishipa ya korodani huanza kukua.

Haya yana faida hospitalini. Mzee ambaye tezi dume yake imetanuka anaweza kukojoa damu mara kwa mara, jambo linalotisha mno. Finasteridi huzuia testosteroni isigeuzwe kuwa umbo lake lenye nguvu zaidi, na kwa wagonjwa wengi damu hiyo hupungua. Kinachodhaniwa kutokea ni kwamba VEGF hushuka na mishipa iliyosongamana kuzunguka njia ya mkojo hupungua. Lakini mkojo wenye damu lazima uchunguzwe kwanza, kwa kuwa saratani pia huleta dalili hiyo.

Kwenye saratani yenyewe mambo ni magumu zaidi. Uvimbe ukikosa hewa ya kutosha hujifunza kutengeneza VEGF bila kungoja testosteroni. Ndiyo maana watafiti walitumaini kwamba bevasizumabu, dawa inayoinasa proteini hiyo, ingewasaidia wanaume ambao saratani yao haisikii tena matibabu ya homoni. Matokeo ya jaribio kubwa la Marekani, lililohusisha wanaume zaidi ya 1,000, yalichapishwa mwaka 2012. Bevasizumabu ikitolewa pamoja na dosetakseli, dawa ya kemotherapia, ilichelewesha ugonjwa kuendelea, lakini haikuthibitika kuwaongezea wagonjwa maisha, na madhara makali yaliongezeka. Uvimbe uliokomaa una njia nyingi za kuita mishipa, na VEGF ni mojawapo tu.