Kiboko ana njia yake, tusimzibie

WAULIZE wenyeji wa Bujumbura ni wapi utamwona mnyama wa porini bila kwenda mbali, wengi watakuonyesha upande wa ziwa. Jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, vichwa vya viboko huibuka majini, si mbali na walipokaa watu wakinywa soda zao.

Lakini anayetaka kuwaona kwa utulivu, tena kwa kutembea kwa miguu, aende Hifadhi ya Taifa ya Rusizi. Ukishika barabara ya Gatumba iendayo Uvira, unaifikia kabla ya kumaliza kilomita 20. Eneo hili lilianza kuhifadhiwa mwaka 1980, na mwaka 2002 delta yake iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hapa ndipo Mto Rusizi, utokao Ziwa Kivu, unapomwaga maji yake Tanganyika.

Nilifika asubuhi, jua likiwa bado la upole. Njia ni nyembamba, matete yameizidi kimo cha mtu pande zote mbili. Kijana aliyetuongoza alitangulia, macho yake yakiwa chini muda wote. Hatukwenda mbali akanyoosha mkono tusimame. Mbele yetu matope yalikuwa na nyayo pana zenye vidole vinne vinne, na majani yalikuwa yamelazwa kama mfereji kutoka majini hadi kwenye nyasi fupi. Kinyesi kilikuwa kimetapakaa kwenye vichaka. Kiboko, ambaye Warundi humwita imvubu, hukitawanya kwa mkia wake anapojisaidia.

Alitueleza kwamba ile ilikuwa njia ya usiku. Mchana kiboko hujificha majini kwa sababu ngozi yake haivumilii jua kali. Giza likiingia hutoka kwenda malishoni, akala nyasi zinazoweza kufika kilo 40, na kabla ya mapambazuko anarudi majini kwa njia ileile.

Hatua chache mbele tukawaona: masikio, macho na pua juu ya maji. Nilihesabu saba, kisha mmoja akapiga mwayo na meno yake yakanifanya nisahau hesabu. Pembeni, mamba alikuwa amejilaza kwenye mchanga.

Mamba ndiye aliyeipa Rusizi jina duniani. Gustave, mamba mkubwa aliyepewa jina hilo na Mfaransa Patrice Faye, alisimuliwa kuwa ameua watu wengi, na mwaka 2007 Hollywood ikatoa filamu ya Primeval iliyotokana na habari zake. Hata hivyo, kwa mkazi wa Bujumbura anayetoka kazini jioni, mnyama wa kukutana naye ana kwa ana ni kiboko.

Hapo ndipo penye tatizo. Jiji limekua kuelekea ziwani. Palipokuwa malisho sasa pana nyumba, hoteli na mashamba ya mboga. Sheria ya maji ya Burundi ya mwaka 2012 ilitenga ukanda wa mita 150 kutoka ufukwe wa Tanganyika, lakini ujenzi umeingia humo. Ziwa nalo halikukaa kimya: mwaka 2021 na tena 2024 maji yalipanda sana, yakafukuza watu Gatumba na kufunika nyasi za ufukweni. Kiboko mwenye njaa akifuata njia yake ya zamani anakutana na ukuta, akigeuka anaingia mtaani au shambani kwa mtu. Mwenye shamba anaamka hana kitu, na wapo waliojeruhiwa na waliopoteza maisha.

Wengi hudanganyika kwamba mnyama mla nyasi ni mpole. Kiboko dume anaweza kuzidi tani moja na nusu, na akikasirika hukimbia karibu kilomita 30 kwa saa. Wewe na mimi hatumuwezi kwa mbio.

Kwa hiyo, msomaji, ukienda Rusizi usitembee bila mwongozaji. Usisimame kamwe kati ya kiboko na maji, kwani akishtuka hukimbilia majini na atampitia yeyote aliye mbele yake. Ukiona nyayo mbichi, rudi nyuma taratibu. Mjini, ukimkuta barabarani usiku, usimmulike wala kumrushia mawe; mpishe.

Wageni hulipa fedha kuja kuwaona wanyama hawa, na viongozi wa misafara, waendesha mitumbwi na wenye mikahawa ya ufukweni hupata riziki humo. Tukiuacha wazi ukanda ule wa mita 150, kiboko atapata nyasi zake huko huko ufukweni, na mkulima atalala usingizi. Tukiendelea kuujenga, tusishangae akibisha hodi.