Jina Lipo Daftarini, Cheti Kimekwisha: Wakili Anavyorudi Kazini

Katika familia zinazofika Al Muraqqabat hakosekani mtu aliyekuwa wakili kwao. Leo anajaza fomu za watu katika ofisi ya kutaipu huko Deira, au yuko nyumbani na watoto huku mwenzake akienda kazini. Swali lake huwa hili: miaka imepita bila kulipa ada ya chama, je, mimi bado ni wakili?

Inategemea unauliza kuhusu daftari au kuhusu cheti. Chukua Kenya. Jina lako liliingizwa katika daftari la mawakili baada ya kuapishwa, na halifutwi kwa sababu tu umehama nchi. Cheti cha kufanyia kazi ni jambo jingine. Hicho ni cha mwaka mmoja na huisha tarehe 31 Desemba. Bila cheti, Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, inakuhesabu kuwa mtu asiyeruhusiwa kufanya kazi ya uwakili, hata kama una shahada na joho bado liko kabatini. Mtu akilitafuta jina lako katika tovuti ya Chama cha Wanasheria Kenya (LSK), ataona kwamba huko kazini kwa sasa. Maneno hayo yanaumiza ukiyasoma ukiwa mbali, lakini si sawa na kufutwa. Aliyefutwa kwa kosa la nidhamu ana njia yake nyingine, ndefu zaidi, na makala haya hayamhusu.

Kurudi huanzia kwenye akaunti yako ya LSK. Ingia, badilisha anwani na namba ya simu, utazame unadaiwa nini. Usilidharau jambo la anwani. Oktoba 2023 LSK ilieleza kwamba mtu asiye wakili alikuwa ameitumia akaunti ya wakili halisi ambaye hakuwa na cheti cha mwaka, akabadilisha barua pepe na kuweka picha yake. Mwenyewe aligundua alipotaka kuomba cheti, akashindwa kuingia. Kama barua pepe yako ya chama ni ile ya ofisi uliyoiacha miaka sita iliyopita, ibadilishe wiki hii.

Baada ya hapo kuna ada, na kuna masomo ya kuendeleza taaluma: pointi 5 kwa mwaka. Semina nyingi siku hizi hufanyika kwa mtandao, kwa hiyo mtu anaweza kuzikusanya akiwa hapa hapa Dubai. Andika pia barua fupi inayoeleza miaka uliyokuwa nje ya kazi: ulihama lini, ulifanya nini, na kwamba hukumwakilisha mteja yeyote katika muda huo. Swali hilo litakuja tu, na ni nafuu jibu liwe tayari.

Hapo kwenye kutomwakilisha mteja ndipo wengi wanapoteleza. Jirani anakuja jioni na mkataba wa kuuza shamba nyumbani: "Mwanasheria, nigongee muhuri tu." Kukataa ni kazi ngumu, hasa kwa mtu aliyekusaidia kupata chumba. Lakini tazama mahakama zilivyoamua. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi ya National Bank of Kenya na Anaj Warehousing, iliamua kwamba hati haibatiliki kwa sababu tu iliandaliwa na wakili asiye na cheti. Mteja aliokolewa, wakili bado anaweza kuadhibiwa. Tanzania ni kali zaidi. Katika rufaa ya madai namba 140 ya mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisema kazi ya wakili asiye na cheti hai haina nguvu kisheria. Kwa mteja wa Tanzania, basi, wema wako unaweza kumpotezea kesi. Mwelekeze jirani kwenye ubalozi mdogo wa nchi yake hapa Dubai, au kwa wakili aliye kazini huko nyumbani.

Kwa waliotoka Tanzania Bara, hali ya wakili huonekana katika mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili, na ada za uanachama hulipwa Chama cha Mawakili Tanganyika (TLS). Zanzibar ina mawakili wake na chama chake, kwa hiyo anza na kule ulikoandikishwa. Ndugu zetu wa Kongo wana utaratibu wa Kifaransa: kila barreau, iwe ya Goma, Bukavu au Lubumbashi, ina baraza lake na orodha yake iitwayo tableau. Huko barua yako iende kwa bâtonnier.

Je, cheti kikirudi, unaweza kufanya kazi hapa? Si moja kwa moja, na jihadhari na anayekuahidi hivyo kwa malipo. Uwakili na ushauri wa kisheria katika Falme za Kiarabu unaongozwa na sheria ya shirikisho namba 34 ya mwaka 2022. Kwa Dubai, usajili uko chini ya Idara ya Masuala ya Kisheria ya Serikali. Kesi katika mahakama za Dubai huendeshwa kwa Kiarabu, na kwa kawaida wanaosimama humo ni mawakili raia. Wageni wengi huingia kama washauri wa kisheria chini ya ofisi yenye leseni. Mahakama za DIFC, zilizoundwa mwaka 2004, zinatumia Kiingereza na mfumo wa sheria unaofanana na wa Kenya, Tanzania na Uganda, nazo zina daftari lao la mawakili.

Popote utakapoomba, tarajia kuulizwa barua ya chama chako inayosema huna deni wala shauri la nidhamu. Barua hiyo haitoki wakati hali yako bado imelala, ndiyo maana nyumbani kunatangulia. Shahada nayo huthibitishwa kwanza na wizara ya mambo ya nje ya nchi ilikotolewa, kisha ubalozi wa Falme za Kiarabu huko, kisha wizara ya hapa. Kama vyeti halisi viko kwa mama kijijini, mwombe ndugu aanze safari hiyo kabla hajakutumia.