Biashara yenu wawili, faili la nani?

Mimi na mume wangu tunapamba kumbi za harusi, Dar. Yeye akiwa Kariakoo kwenye vitambaa, mimi niko ukumbini, na wote tunafungua jedwali moja la Google Drive kwenye simu. Akiandika bei, naiona hapo hapo. Raha!

Ila msomaji, historia inabaki: nani kabadilisha nini, saa ngapi. Mwaka jana bei ya viti ilishuka kimyakimya kwa mdogo wake. Nikafungua historia, jina la baba watoto hilo hapo, saa tano usiku. Tuliongea, tena sana.

Kubwa zaidi ni hili. Faili la Drive lina mmiliki mmoja, yule aliyelifungua, mpaka amkabidhi mwingine. Wewe ni mwalikwa tu: wa kusoma, wa kutoa maoni au wa kuhariri. Mkinuniana, anakutoa, na orodha yote ya wadaiwa inabaki kwake. Sisi tulifungua akaunti ya biashara, neno la siri tunalijua wote. Shoga yangu mwenye duka la vipodozi Sinza, hadi leo faili la mauzo anasoma tu. Kuhariri hana ruhusa.