Fahamu: Kumhamisha mzazi kutoka Windows kwenda Linux

Tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilihitimisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za wazee, ingawa bado nzima, hazikidhi masharti ya Windows 11, inayodai chipu ya usalama ya TPM 2.0.

Njia mojawapo ya kuendelea kuzitumia ni Linux Mint, toleo la mfumo endeshi wa Linux. Ni ya bure, na menyu yake iko chini kushoto, mahali ambapo mzee amepazoea. Kwanza iwashwe kutoka kwenye flashi, bila kugusa diski. Printa inachapa? Sauti inatoka? Wengi huharakisha hapa, na huko ni kumwonea mzee atakayebaki peke yake na mashine.

Nakala za picha zihifadhiwe kabla ya kusakinisha. Kivinjari cha Firefox ni kilekile cha kwenye Windows. Programu ya ofisi ya LibreOffice hufungua faili za Word, ila mpangilio wa kurasa huweza kuvurugika.