Mtoto mwenye mahitaji maalum afunzwe kutumia pesa mapema

MTOTO mwenye ulemavu wa akili katika kijiji cha Lindi, mtaani Kibera, anaweza kufunzwa kuhesabu hadi ishirini darasani na bado ashindwe kununua mandazi karibu na mlango wa nyumba yao.

Sababu ni kwamba kuhesabu na kununua ni stadi mbili tofauti. Dukani, mtoto hana budi kukumbuka alichotumwa, kutambua sarafu, kutoa kiasi kinachotosha na kungoja chenji, huku wateja wengine wakisukumana.

Walimu wa elimu maalum huigawanya kazi hiyo katika hatua ndogondogo. Mbinu mojawapo huanzia mwishoni: mzazi hufanya yote, naye mtoto hupokea bidhaa pekee. Akishazoea, hukabidhi pesa mwenyewe. Baadaye huzichagua, kisha hutaja anachotaka. Kwa kuwa kila safari humalizika kwa ufanisi, mtoto hakati tamaa.

Pesa halisi hufaa kuliko za kuigiza, kwani wengi wa watoto hawa hutatizika kuhamisha walilojifunza kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Sarafu zilizozinduliwa Desemba 2018 zinarahisisha kazi. Katiba ya 2010 ilipiga marufuku picha za watu binafsi kwenye pesa, hivyo sarafu hizo zina wanyama: twiga kwa Sh1, kifaru kwa Sh5, simba kwa Sh10 na ndovu kwa Sh20. Asiyejua nambari anaweza kuambiwa atoe simba mmoja. Hata hivyo, sarafu za awali zenye sura za marais zingali halali, na sharti azoeshwe aina zote mbili.

Asiyeweza kujumlisha hufunzwa kutoa noti inayozidi bei. Bidhaa ikiwa ya Sh70, hutoa noti ya Sh100 na kungoja chenji. Hapo ndipo penye hatari, kwa kuwa hawezi kujua akipunjwa. Ni vyema basi mzazi aanze kwa kumpa kiasi kamili, na amtume kwa mwenye duka au mama mboga mmoja anayemfahamu na kumwamini.

Kibera na Kawangware, ambako familia nyingi hununua unga, mafuta na sukari kwa vipimo vidogo kila siku, nafasi za kufanya mazoezi hazikosekani.

Isitoshe, tangu M-Pesa ianze mwaka wa 2007, pesa si sarafu na noti tu. Kijana atakayetumia simu afunzwe mapema kwamba nambari ya siri haitajwi kwa yeyote dukani, hata anayejitolea kumsaidia.

Mzazi anayemfungia mtoto nyumbani kwa hofu ya kudhulumiwa humkinga leo tu. Siku mzazi huyo atakapokuwa hayupo, mtoto atalazimika kwenda dukani, na atakwenda bila kujua lolote.