Usingizi wa Kichakataji na Kuganda kwa Kiini cha Mfumo Endeshi: Mfano wa Bay Trail

Makala haya yanafafanua namna ya kuchunguza kuganda kwa kiini cha Linux wakati kompyuta haina kazi. Kichakataji kisicho na kazi hulazwa kwa viwango. Katika C1 husimamisha tu utekelezaji wa maagizo. Katika C6 huhifadhi hali yake, kisha volteji hushushwa hadi karibu na sifuri. Kadiri usingizi unavyokuwa mzito ndivyo umeme unavyookolewa, na ndivyo kuamka kunavyochelewa.

Vichakataji vya Intel vya jamii ya Bay Trail, vilivyotoka 2013, ni mfano mashuhuri. Watumiaji wa Linux waliona mashine zikiganda ghafla, pasipo hata mstari mmoja katika kumbukumbu za matukio. Ugumu uko hapo: aliyepaswa kuandika ushahidi ndiye aliyezimia. Mchunguzi hana budi kuhoji kwa majaribio. Huwasha mashine kwa kigezo intel_idle.max_cstate=1, kinachozuia usingizi unaozidi C1. Kuganda kukikoma, shaka huelekea kwenye C6 na C7.

Hata hivyo, jaribio hilo huonyesha mahali, si sababu. Kasoro ya maunzi na kosa la programu hunyamazishwa nalo vilevile. Aidha, betri huisha upesi. Kwa kuwa kuganda kwaweza kuchukua siku kadhaa kutokea, saa moja ya utulivu haithibitishi lolote. Kwa hiyo kigezo hupandishwa kiwango kimoja kimoja, mashine ikiachwa siku kadhaa kila mara, hadi kuganda kurudi.