Mji wa Mansfeld na Wakuu Wake

Katika Ujerumani, jimbo la Sachsen-Anhalt, uko mji mdogo uitwao Mansfeld. Juu ya kilima imesimama ngome, nao ukoo wa wakuu waliokaa humo zamani uliitwa kwa jina lilo hilo la mji. Cheo chao kilikuwa Graf, yaani mkuu wa nchi kwa urithi. Utajiri wao ulitoka chini ya ardhi, maana huko palichimbwa shaba kwa muda wa miaka ipatayo 800, hata mwaka 1990.

Mwaka 1484 alihamia huko Hans Luther na mkewe, pamoja na mtoto wao mchanga, Martin, ambaye baadaye alianzisha Matengenezo ya Kanisa. Hans alishika kazi ya kuyeyusha shaba, na Martin akasomea papo hapo.

Mwaka 1501 ukoo wa wakuu uligawanyika matawi matatu, kila moja na jumba lake juu ya kilima kile kimoja. Nyumba zilikaribiana, lakini mioyo ilitengana. Waligombea urithi na machimbo, hata Graf Albrecht na ndugu yake Gebhard wakawa hawapatani. Wayeyushaji nao waliumia, kwa kuwa Albrecht alitaka kuzitwaa tanuri zao. Na jamaa za Luther walikuwa miongoni mwao.

Wahenga husema: Ndugu wakigombana, shika jembe ukalime. Luther hakufanya hivyo. Januari 1546, akiwa na umri wa miaka 62 na mwili dhaifu, alitoka Wittenberg pamoja na wanawe watatu kwenda Eisleben, mji wa wakuu hao. Mto Saale ulifurika, ukamzuia Halle siku tatu. Mkewe Katharina alihangaika nyumbani, naye akamwandikia barua za kumtuliza. Tarehe 16 na 17 Februari mapatano yakatiwa sahihi. Kabla ya mapambazuko ya tarehe 18, Luther akafariki katika mji uo huo aliozaliwa.

Na wakuu je? Mwaka 1570 sehemu kubwa ya nchi yao ikawekwa chini ya watawala wengine kwa sababu ya madeni, na mwaka 1780 ukoo ukakoma kwa kukosa mrithi wa kiume. Siku hizi ngome yao ni nyumba ya mafunzo ya vijana Wakristo.

Basi sisi tunaogawana shamba la baba, tupatane mapema, kabla mzee hajalazimika kufunga safari.